Mto Uliovaa Barakoa

4 Februari

Kwako binamu, mama wa mapazia,

Salamu kwako, kwa cherehani yako na kwa shangazi, ambaye nasikia amegoma kuvaa miwani na sasa anasalimia koti lililotundikwa mlangoni. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Binti yetu naye anakusalimu na analalamika kwamba pazia ulilomletea limepungua upande mmoja. Nimemwambia labda dirisha ndilo limekua. Anashangaa kwa nini tunaandikiana barua kama watu wa zamani. Nimemweleza kwamba simu uliikataa wewe, siku ile uliyodai nimekukoromea katikati ya habari. Narudia tena: sikukoroma. Niliguna kwa kukubali.

Sasa jambo lenyewe. Nimeshushwa.

Usicheke kwanza. Unajua miaka yote hii mahali pangu ni juu ya winchi, kwenye kile kibanda cha vioo chenye kiti kimoja na vishikio viwili, watu wote chini wakinipungia mikono: pandisha, shusha, kushoto kidogo. Mwezi uliopita daktari wa kampuni alitupima wote. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akanuna. Akapima tena, akanuna zaidi. Mia na sabini na nane juu ya mia na nne. Akauliza kama nakunywa dawa. Nikamwambia nakunywa za aina tatu, kila asubuhi, wifi yako akinisimamia kama askari jela. Akaandika kwamba mtu wa presha hiyo haruhusiwi kuning'iniza tani mbili za nondo juu ya vichwa vya wenzake.

Kwa hiyo nipo stoo. Nagawa glavu. Juu kapanda mtu mwingine, anazungusha mkono wa winchi kama anayekoroga sufuria, nami namtazama kupitia mlango wa stoo na roho inaniuma. Wamenipa mpaka mwisho wa Septemba. Nisipoleta cheti cha daktari kufikia siku hiyo, kiti kinakuwa chake moja kwa moja na mimi nabaki Bwana Glavu.

Daktari anasema dawa ni nzuri, ila kuna kitu kinazirudisha nyuma. Akamuuliza wifi yako ninalala vipi. Wifi yako, niliyemdhania mtu wa siri, akajibu kwamba yeye alishahamia chumba cha binti na huko huko bado ananisikia. Sasa wanataka nikalale hospitali nimefungwa nyaya ili wapime usingizi wangu. Nimekataa. Mtu mzima hapimwi usingizi.

Wewe mwenzangu una dawa gani ya presha isiyohusu kulala? Na yako ikoje? Mwaka jana ulisema inakusumbua.

Ni mimi, aliyeteremshwa.


21 Februari

Bwana Glavu, shikamoo!

Hiyo ni shikamoo ya mwisho kukupa mwaka huu, kwa sababu umenifurahisha. Hapa ni wazima. Mama amenunuliwa miwani mipya na sasa anaona vumbi lote la nyumba, tunajuta. Duka linakwenda. Nimepata kazi ya mapazia ya hoteli nzima, ghorofa tatu, kitambaa kizito kinachovunja sindano. Na yule fundi vioo aliyekuja kubadilisha kioo cha duka bado anarudi kila siku ya pili kukagua kama kioo kipo. Kipo. Namwambia kipo, anakaa.

Sasa nisikilize. Wewe unasema hukoromi? Siku ya msiba wa babu ulilala ukumbini, waombolezaji wakadhani kuna lori limekwama nje, na wanaume wawili wakatoka kwenda kulisukuma. Mimi nilikuwepo.

Lakini kukoroma si neno. Unakumbuka tulivyokuwa tunalazwa mkeka mmoja kwa bibi? Ulikuwa unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichonitisha. Nilikuwa nakungoja, nakungoja, mwisho nakupiga teke la mbavu, ndipo unavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Mpaka leo mama anasema nilikuwa mtoto mkorofi, nampiga mwenzangu usingizini. Sikuwa mkorofi. Nilikuwa nakupumulisha.

Basi nenda ukafungwe hizo nyaya. Shingo zetu za ukoo huu ni fupi na nene, hata babu alikuwa hivyo, hewa inapita kwa kuomba njia. Kama ni nyaya ndizo zitakazokurudisha winchini, kuna aibu gani? Glavu za stoo ndizo aibu.

Wako, aliyepigwa lawama bure.


30 Machi

Binamu wa mateke,

Heri na fanaka. Binti amefaulu mtihani. Wifi yako ameisoma barua yako mara mbili, na pale pa lori amecheka mpaka akakaa chini. Sijapenda.

Nimelala hospitali. Walinibandika nyaya kichwani, kifuani na mguuni, wakaniwekea kibanio kidoleni, halafu muuguzi akaniambia, "Haya baba, lala kama kawaida." Kama kawaida! Nilifanana na nguzo ya umeme ya mtaani.

Majibu yakatoka, na nakuandikia kwa sababu ulikuwa unajua kabla yao. Pumzi inakatika. Inakatika mara nyingi kila saa, usiku kucha, mimi sina habari. Daktari wa usingizi, mama mmoja mpole asiyetabasamu, alinieleza hivi: koo linajifunga, hewa inakosekana, mwili unashtuka kama umeona simba, moyo unakimbia, mishipa inakaza, presha inapanda. Koo linafunguka, mwili unatulia, halafu inaanza tena. Asubuhi simba ameondoka lakini mishipa imezoea kukaza, mchana haitaki kulegea. Ndiyo maana nakunywa vidonge vitatu na presha inavicheka.

Amenipa kidonge cha nne, cha kutoa maji na chumvi mwilini, na kila baada ya muda nitolewe damu waangalie kama kinanifaa. Chumvi yenyewe nipunguze. Tumbo nalo nilipunguze. Halafu akanipa mashine ndogo inayopuliza hewa, yenye mpira mrefu na barakoa ya kufunika pua, ili hewa isukume koo lisijifunge. Nivae kila usiku. Nikamuuliza, nikivaa mashine niache vidonge? Akanitazama. Kumbe ni vyote viwili.

Basi naivaa. Naivaa kila usiku. Mashine inahesabu saa zake zenyewe na kliniki wanazisoma, kwa hiyo hakuna wa kunisingizia. Lakini nakwambia ukweli, presha haijashuka hata kidogo.

Na wewe? Nilikuuliza presha, ukanijibu mapazia.

Bwana Glavu, kwa sasa.


14 Aprili

Bwana Mkonga,

Hatujambo. Mama ametuchosha. Hotelini nimemaliza ghorofa ya kwanza. Fundi vioo amekagua kioo, akakagua na taa, akakagua na kiti changu cha kushonea akasema hakifai kwa mgongo, akaniletea kingine. Nimekipokea, usiseme kitu.

Hongera kwa nyaya. Ila barua yako ina tundu. "Naivaa, naivaa kila usiku." Tangu utoto ukisema neno mara mbili ujue la kwanza ni uongo. Unaivaa wewe, au inavaliwa?

Kama inakushinda, usishindane nayo. Ivae kwanza mchana, umekaa, unasoma gazeti, uizoee. Mikanda ya nyuma usiikaze mpaka ikuchore mashavu. Ikikaza sana ndipo hewa inapovuja machoni. Koo likikauka, kile kitangi cha ubavuni kijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, hewa itakuja na unyevu. Na ulale ubavu. Ukilala chali ulimi unarudi nyuma na kuziba njia.

Nimekushonea vipande vya kitambaa laini vya kuzungushia mikanda. Vimo kwenye bahasha. Rangi ni ya mapazia ya hoteli, utalala kifahari.

Wako.


9 Juni

Binamu,

Salamu za hapa ni njema, ila moja ina fedheha, nayo ni yangu. Kaa kitako.

Uliniuliza kama mashine naivaa au inavaliwa. Ilikuwa inavaliwa. Na mto.

Usiku wa kwanza nilivumilia kidogo tu, nikahisi napulizwa kama tairi. Sasa, winchi nayo ina saa yake inayohesabu muda wa kazi. Mwisho wa mwezi mkaguzi anasoma saa, haulizi ilibeba nini. Nikasema mashine zote ni za ukoo mmoja. Nikauvika mto barakoa, nikakaza mikanda vizuri, nikawasha, nikageukia ukutani nikalala zangu. Asubuhi saa zimetimia. Karibu mwezi mzima mto wangu ulitibiwa kwa bidii.

Mwisho wa Aprili nilikwenda kliniki, daktari yule asiyetabasamu akachomoa kikadi tumboni mwa mashine, akakitia kwenye kompyuta. Akatazama. Akanitazama. Akasema, "Mzee, hapa inaonyesha mashine imepuliza kila usiku, na haijakuta mtu." Kumbe inasikiliza pumzi! Nikajaribu kunyamaza, wifi yako akamwambia yote. Hapo ndipo daktari alipotabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mto wako utapona. Wewe sijui."

Nilicheka nao, lakini njiani sikucheka. Wifi yako alinishika mkono barabarani, kitu ambacho hafanyi, akaniambia kwamba hakuhama chumba kwa ajili ya kelele. Alihama kwa ajili ya kimya. Alikuwa amechoka kulala macho akisikiliza kama nitavuta tena. Sikujua, binamu. Nilidhani namkera tu.

Tangu siku hiyo navaa mwenyewe. Nilifanya ulivyosema: gazeti, mikanda, kitangi, ubavu. Vitambaa vyako vimenifaa sana. Sasa naamka na kichwa chepesi, sisinzii juu ya boksi la glavu, na wifi yako amerudi chumbani na mto wake. Juzi nimepimwa: mia na arobaini na nane juu ya tisini. Daktari anasema ni vidonge na mashine kwa pamoja, na kwamba bado kuna safari. Cheti hatoi mpaka aone presha imetulia kwa muda.

Nina swali moja. Mimi katika barua zangu sikuwahi kukuandikia kwamba mashine ina kitangi cha maji. Wala kwamba hewa huvuja machoni. Nimeuliza wifi yako kama yeye alikuambia, amekataa. Uliyajuaje?

Wako, anayepumua.


25 Julai

Binamu,

Samahani kwa kuchelewa. Tumejaa kazi. Mama hajambo, anasalimia. Nimecheka sana habari ya mto, nimewasimulia hata wateja.

Hongera kwa presha. Wifi mwambie nampenda.

Habari za huku ni kwamba fundi vioo ameniuliza neno, nami sijamjibu. Ni mtu mzuri, mjane kama mimi, watoto wake wakubwa. Nitaona. Hotelini nimefika ghorofa ya tatu, madirisha ya upande wa

Samahani kwa huo mstari, kalamu imeteleza. Nilikuwa nasema madirisha ya upande wa barabara yana kimo tofauti, inabidi nipime moja moja.

Habari za mashine nilisikia kwa watu. Siku hizi watu wanazo.

Wako.


18 Agosti

Kwako binti wa shangazi,

Sote wazima. Salamu zimeisha, leo sina utani mwingi.

Huo mstari nimeutazama kwa miwani. Kalamu ikiteleza inaacha mkwaruzo mdogo. Yako imeshuka kutoka katikati ya karatasi mpaka pembeni, taratibu, halafu ikaweka doa kubwa la wino pale ilipotua. Hiyo si kuteleza. Hiyo ni kulala, mchana, na kalamu mkononi.

Naijua kwa sababu imenipata. Kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja, hata wifi yako, mpaka jana. Mwezi mmoja kabla daktari hajanishusha, nilizinduka kule juu nikakuta fungu la nondo linaning'inia na watu chini wananipungia mikono yote miwili. Sijui nililala kwa muda gani. Nilishusha mzigo salama, nikasema redio ya mawasiliano ilikuwa mbovu. Kwa hiyo daktari aliponishusha nilimlaani mdomoni, lakini moyoni nilishukuru. Nawe unakaa mbele ya cherehani ya umeme siku nzima, sindano ikikimbia karibu na vidole.

Sasa sikia. Jana nimepewa cheti. Mia na ishirini na tisa juu ya themanini na mbili, na mara tatu za nyuma zote zilikuwa nzuri. Kikadi cha mashine kimesifiwa mbele ya wagonjwa wengine. Msimamizi ananingoja nikabidhi cheti nipande. Nimekiweka mfukoni na sikitoi. Nimemwambia bado daktari ananichunguza.

Sitapanda mpaka unitajie presha yako. Namba mbili tu, moja juu ya nyingine. Siku ya mwisho ni ile ile, mwisho wa Septemba. Ikipita, kiti kimekwenda, na utakuwa umekipoteza wewe. Wifi yako anasema nimekuwa mwendawazimu. Nimemjibu kwamba kule juu mtu hapaswi kuwaza kitu kingine, na mimi nikipanda nitakuwa nakuwaza wewe.

Naogopa, binamu. Nimeandika neno hilo nikalitazama, na sitalifuta. Nyote mnasema babu alikufa usingizini kwa amani. Sidhani kama ilikuwa amani. Na mimi sina mtu mwingine anayenicheka kama unavyonicheka wewe.

Binamu yako.


22 Septemba

Binamu, mkaidi wa kwanza wa ukoo,

Nimempa barua hii kondakta wa basi aikimbize kwako, maana posta ingekupotezea kiti. Mama anakusalimu na anasema akikuona atakuchapa.

Mia na themanini na moja juu ya mia na sita. Hizo ndizo namba zangu za siku barua yako ilipofika. Umefurahi?

Mashine ninayo tangu mwaka jana. Nilifungwa nyaya kabla yako, nikaambiwa maneno yale yale ya simba. Nilivaa wiki mbili, nikaona raha yake, ndiyo maana niliweza kukufundisha. Halafu fundi vioo akaanza kukagua kioo. Nikaisukuma kabatini nyuma ya majora ya vitambaa. Nilijitazama kwenye kioo hicho hicho alichokiweka yeye, nikasema: mwanamke wa umri huu, bahati imemrudia mara ya pili, aingie chumbani na mkonga usoni? Nikaona afadhali presha. Nilikucheka wewe na mto wako, nawe angalau ulikuwa umeiwasha.

Barua yako niliisoma dukani yeye akiwepo, nikalia, akauliza kuna msiba gani. Sikuwa na uongo wa haraka. Nikafungua kabati, nikaitoa, nikaivaa mbele yake, na mikanda yake na mpira wake, nikamwambia, "Ndiyo hii. Ndiyo jibu la swali lako. Sasa kagua na hii."

Nikaanza kuivua. Akanizuia. Akasema mara ngapi amenikuta nimesinzia kwenye kile kiti alichoniletea, pumzi imesimama, naye amesimama pale mlangoni na vioo mkononi hawezi kuweka chini wala kuondoka, anangoja nivute. Hakuwahi kuniambia kwa sababu alidhani nikijua ameona nitamkimbia. Kumbe kila siku ya pili alikuwa anakuja kukagua kama nipo.

Nimemjibu ndiyo. Andaa suti, na umlipie wifi gauni jipya.

Kliniki wameniongezea kidonge cha nne kama chako. Mashine nimevaa kila usiku tangu siku ile, mimi mwenyewe, si mto. Jana nimepima: mia na hamsini na sita juu ya tisini na nne. Bado ni mbaya, lakini inateremka na inajua njia. Mapazia ya ghorofa ya tatu nimeyaahirisha. Sasa hivi macho ni mazito na sitaki kulalia kalamu tena, nisije nikakupa ushahidi mwingine.

Kwa hiyo toa hicho cheti mfukoni. Wewe panda. Mimi nakwenda kulala.